Honka ya Espoo: Mabingwa Waliokosa Mji

Wazee wangu shikamooni, na ninyi vijana wa kikapu, habari za jioni.

Waandaaji waliniomba nizungumzie klabu ya kikapu ya kulipwa ya Ulaya, na naona wengi mlitarajia nianze na Real Madrid au Olympiacos. Leo nawapeleka Ufini, kwenye klabu iitwayo Espoon Honka. Ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 2007, ikaurudia mwaka 2008, na mwaka 2010 haikuwepo tena kwenye ligi kuu. Haikushushwa na timu yoyote uwanjani. Iliondolewa na mahesabu. Swali ninalotaka tulichambue jioni hii ni hili: ilikuwaje klabu yenye mataji, yenye vipaji, iliyo katika mji tajiri, ikakosa mtu wa kuishika mkono?

Tuanze na mahali penyewe. Tapiola ni kitongoji cha Espoo, magharibi ya Helsinki. Kilijengwa kuanzia miaka ya 1950 na taasisi ya nyumba iliyoongozwa na Heikki von Hertzen, aliyetaka familia za kawaida zikae kwenye nyumba nzuri katikati ya miti, badala ya kubanana mjini. Wasanifu majengo duniani bado wanakwenda kuitazama. Familia changa zikahamia, watoto wakawa wengi, na penye watoto wengi hapakosi michezo. Chama cha Tapiolan Honka, chimbuko la Espoon Honka, kikazaliwa humo. Honka ni msonobari, mti uliokizunguka kitongoji kile pande zote.

Hapa inabidi mwelewe klabu ya Ufini inavyoendeshwa, maana bila hilo habari nzima haitaeleweka. Chini kuna chama: wazazi, makocha wa watoto, ada za kila mwezi, ukumbi wa kukodi kutoka halmashauri. Siku ya mechi mama mmoja yuko mlangoni anakata tiketi, baba mwingine amesimama nyuma ya meza anauza kahawa na maandazi yenye iliki, na fedha ile inalipia nauli ya basi la watoto. Wenyewe huita talkoot, na sisi tungesema ni msaragambo. Juu ya chama, klabu nyingi hufungua kampuni ya kuendesha timu ya wakubwa. Kampuni hiyo ndiyo inayosajili Wamarekani, inawapangia nyumba, inalipa kocha, na kila mwaka inapeleka vitabu vyake vya fedha ligini ili ipewe leseni ya kucheza. Kiingilio hakitoshi hata kidogo. Nchi ina watu wapatao milioni 5.6, na mapenzi yao ya kwanza ni hoki ya barafuni. Kinachobaki ni wadhamini.

Basi kwa miaka ile Honka ilikuwa na mpira hasa. Kocha alikuwa Mihailo Pavićević, mtu wa Balkani. Ndani ya timu hiyo akakomaa kijana wa Helsinki, Petteri Koponen, aliyezaliwa mwaka 1988. Mchezeshaji mrefu, mtulivu, mwenye macho ya kuona pasi kabla mwenzake hajajua kwamba yuko wazi. Juni 2007, akiwa na miaka 19, alichaguliwa nafasi ya 30 kwenye drafti ya NBA, yaani siku ambayo timu za ligi kuu ya Marekani huchagua vijana wapya kwa zamu. Philadelphia ndiyo iliyomtaja jina, kisha haki zake zikahamia Portland. Fikirini: anatoka moja kwa moja kwenye ligi ya Ufini, ambayo maskauti wengi walikuwa hawaifuatilii, na anaingia raundi ya kwanza. Kabla yake Hanno Möttölä alikuwa ameshakuwa Mfini wa kwanza kucheza NBA, na Atlanta mwaka 2000, lakini yeye alipitia chuo kikuu cha Utah. Koponen alipikwa nyumbani.

Hakuwahi kucheza mechi ya NBA. Mwaka 2008 alikwenda Virtus Bologna, baadaye Khimki, Barcelona na Bayern Munich. Wako wanaosema alipoteza bahati. Mimi sikubaliani nao: kushika mpira kwenye timu za Ulaya za kiwango hicho kwa zaidi ya miaka kumi ni kazi ambayo wengi waliokaa benchi Marekani hawakuiweza.

Nyuma yake Honka ilikuwa na kijana mwingine, Sasu Salin, wa mwaka 1991, mpigaji wa pointi tatu mwenye damu ya moto. Mwaka 2010, klabu ilipozimika, yeye akasaini Olimpija Ljubljana ya Slovenia. Mwaka 2022 alikuwa ndani ya kikosi cha Tenerife kilichochukua Ligi ya Mabingwa ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia.

Naomba mtazame miaka vizuri hapo. Mwaka 2009 uchumi wa Ufini ulishuka kwa zaidi ya asilimia 8, na biashara inapobanwa, bango la uwanjani ndilo la kwanza kukatwa. Hilo ni kweli. Ila halinitoshi, kwa sababu Honka haikuwa peke yake. Mwaka 2014 FC Honka, klabu ya soka yenye asili hiyohiyo ya Tapiola, ilinyimwa leseni ya ligi kuu kwa sababu za fedha. Mwaka 2016 Espoo Blues, klabu ya hoki, ikafilisika. Wakaja watu na wazo la kuunganisha hoki na kikapu chini ya kampuni moja, Espoo United. Mwaka 2018 nayo ikafilisika. Na mwanzoni mwa 2024 FC Honka ikaanguka tena. Michezo mitatu tofauti, wamiliki tofauti, miaka tofauti, mji mmoja.

Espoo ni mji wa pili kwa ukubwa Ufini, una wakazi zaidi ya 300,000, na makao makuu ya Nokia yako hapo. Fedha zipo. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni katikati ya mji, mahali ambapo wote wanapaona ni pao. Espoo ilipewa hadhi ya mji mwaka 1972 tu, na haina katikati moja. Ina vitovu vitano: Tapiola, Leppävaara, Matinkylä, Espoonlahti, na kile kitovu rasmi ambacho wengi hawana shughuli nacho. Asubuhi watu wanakwenda kazini Helsinki, jioni wanarudi kulala. Wa Leppävaara haoni kwamba timu ya Tapiola ni yake. Kampuni kubwa nazo zinatazama soko la dunia. Kuonekana mbele ya majirani wa Tapiola hakuziongezei wateja.

Sasa twendeni Kauhajoki. Ni mji mdogo wa Ostrobothnia Kusini, zaidi ya kilomita 300 kutoka Helsinki, una watu wapatao 13,000. Mnaweza kuwakusanya wote kwenye uwanja mmoja wa soka na viti vikabaki. Timu yao ya kikapu, Karhu, ilichukua ubingwa wa Ufini mwaka 2018, na tena 2019. Ukumbi wanaochezea umepewa jina la IKH, kampuni ya hapohapo mjini inayouza zana na mashine. Mwenye kampuni anamjua mwenye shamba, mwenye shamba amenunua tiketi ya msimu, mtoto wake anafundishwa na mchezaji wa timu ya wakubwa. Timu ikishindwa Jumamosi, Jumatatu inazungumzwa dukani. Udhamini wa namna hiyo hauvunjwi kirahisi, maana anayeuvunja atakutana na watu madukani.

Wengine wataniambia vipaji vya Honka havikupotea, na ni kweli. Mwaka 2011 timu ya taifa ilirudi EuroBasket, mashindano ya mataifa ya Ulaya, kwa mara ya kwanza tangu 1995 na kumaliza ya tisa, Koponen na Salin wakiwemo. Chama cha watoto cha Tapiola nacho hakikufa pamoja na kampuni, kiliendelea kufundisha. Mwaka 2025 Wafini walikuwa wenyeji wa kundi moja la EuroBasket, wakaitoa Serbia 92 kwa 86, wakafika nusu fainali, wakamaliza wa nne, na Salin alikuwa bado yumo kikosini. Kundi hilo lilichezwa Tampere, kwenye ukumbi uitwao Nokia Arena. Kampuni yenye makao yake Espoo iliweka jina lake kwenye ukumbi wa mji mwingine, na siilaumu: Tampere ni mji unaojua timu zake.

Nikiulizwa Honka ya wakubwa irudi vipi, nasema isianzie na jina la Espoo wala ukumbi mkubwa wa barafu. Ianzie Tapiola, kwenye ukumbi mdogo, na wale wazazi wa mezani wapewe hisa kwenye kampuni kabla ya kusajiliwa Mmarekani wa kwanza. Najua hapa ndani wako viongozi wa klabu watakaosema wazazi hawawezi kumiliki timu ya kulipwa. Nataka kuwasikia. Kipaza sauti kiko pale kushoto, karibuni.