Mkutubi Naye Ana Kazi Wodini

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kunialika hapa Malindi, mimi mkutubi wa tiba. Feni hii ina kelele, kwa hiyo nitapaza sauti.

Mwaka 2001, huko Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwanamke wa miaka 24, mzima kabisa, alijitolea kwa utafiti wa pumu. Akapewa dawa iitwayo hexamethonium aivute kwa pumzi. Mapafu yakaharibika, na wiki chache baadaye akafariki. Daktari mtafiti alikuwa ametafuta PubMed, hazina ya makala za tiba mtandaoni, ila upekuzi wake haukurudi nyuma zaidi ya mwaka 1966. Makala za miaka ya 1950 zilizoonya kuhusu mapafu zilikuwepo rafuni. Mkutubi wa tiba angeanza na swali moja: dawa hii ilianza kutumika lini? Jibu lake lingempeleka kwenye faharasa za zamani, zile za karatasi, ambazo wengi wetu tunaziona takataka.

Sasa tuje huku kwetu. Utafiti wa FEAST, uliotoka 2011, ulifanywa Kenya, Uganda na Tanzania, na Kilifi, hapo jirani tu, ilikuwemo. Ulihusu watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliomiminiwa dripu nyingi kwa haraka, kama asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa hivyo, asilimia 7.3. Kinyume kabisa na mlivyofundishwa wengi wenu!

Lakini subirini. Watoto wa kuharisha hawakuingizwa katika utafiti ule. Aliyesoma kichwa cha habari kwenye simu anaweza kumnyima maji mtoto anayekaukiwa, akidhani anafuata sayansi. Kwa hiyo kazi yangu haiishii kuwatafutia makala. Nawaonyesha pia nani walihesabiwa na nani waliachwa nje, na kama mwongozo uliobandikwa ukutani ni wa kabla ya matokeo hayo au baada yake.

Msiniambie makala zinauzwa ghali. Tangu 2002 kuna Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji, unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei nafuu. Anayeshika nywila ya taasisi yenu ni nani? Naona mnatazamana.

Basi mwenye swali la wodini aliandike sasa: umri wa mgonjwa, ugonjwa, dawa, na unachotaka kujua. Jina la mgonjwa usiandike. Karatasi ziko mezani, hapo karibu na birika la chai.