Mvua ya Kwa Jirani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuingia Korongoni

(Mhadhara kwa wanachama wa kikundi cha wapanda milima, Nakuru)

Asante mwenyekiti. Naona kwenye ratiba mmeniandikia "Vifaa vya safari ya makorongo". Vifaa tutavifikia tukipata muda. Wale mnaosafiri kwenda Utah na Arizona mmeshanunua viatu, najua, maana picha za viatu nimeziona kwenye kundi la WhatsApp kabla sijamwona hata mtu mmoja akiuliza maji ya korongo lile yanatoka wapi. Na ninyi wa Hell's Gate Jumamosi, mjadala wenu wote ulikuwa nyama ni kilo ngapi na nani analeta jiko.

Basi leo nitauliza hilo hilo swali. Wanaonijua wameshalisikia hadi wamelichoka, wanivumilie. Maji yanatoka wapi?

Ukifika mahali ukanyoosha mikono ukagusa kuta zote mbili, na mwamba umelainika kuanzia unyayoni hadi juu ya kichwa chako, ujue hapo maji yamepita kwa nguvu mara nyingi sana, na hayajamaliza kupita. Ile picha mnayokwenda kupiga, mwanga unaingia kwa juu, mwamba mwekundu umejikunja, ile ni kazi ya mafuriko. Huwezi kuipenda picha ukamkataa mchoraji.

Tarehe 12 Agosti 1997, karibu na mji wa Page, Arizona, katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa kule, watalii walishuka korongo linaloitwa Lower Antelope. Agosti kule ni katikati ya msimu wa mvua za radi, unaoanza Julai na kuishia Septemba. Asubuhi jua, mchana mawingu yanapanda, alasiri yanamwaga. Siku ile mvua kubwa haikunyesha pale walipokuwa. Ilinyesha kilomita kadhaa huko juu, kwenye nyanda ambazo kijito cha Antelope hukusanyia maji yake. Kijito chenyewe kwa kawaida ni mchanga mkavu, unaweza kukipita kwa gari bila kujua umepita mto. Maji yakashuka kwenye ule mchanga, yakaingia korongoni, na watu 11 wakafa. Aliyetoka mzima ni mmoja, kiongozi wa msafara, na maji yalikuwa yamemvua hata nguo.

Hebu tulieni hapa kidogo, msikimbilie kusikitika. Nataka tufanye hesabu. Mtu aliyesimama mlangoni mwa korongo siku ile akatazama juu, aliona nini? Aliona anga, tena anga lisilo na neno baya kwake. Na ninyi leo mkisimama pale mtatoa simu, na simu itawaambia hali ya hewa ya Page. Page ndiko mlikolala. Maji yatakayowaua hayatatoka hotelini kwenu! Yanatoka nyanda za juu upande wa kusini, ambako hamna kitanda wala mwenyeji wa kuwapigia simu. Kwa hiyo utabiri wa kusoma ni wa huko juu. Ndio maana kila mwaka narudia jambo hili, na kila mwaka mtu ananijibu, "Lakini mwalimu, tuliangalia, ilionyesha jua." Jua la wapi?

Ngazi za wakati ule zilikuwa za mbao, na maji yalizing'oa. Baadaye wakaweka za chuma zilizofungwa kwenye mwamba, wakaweka na nyavu za kujinasua, na leo huingii bila kiongozi aliyeidhinishwa. Vizuri. Ila ngazi ya chuma inamsaidia aliye karibu nayo.

Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa, anasema hayo ni ya Marekani, jangwa, sisi tuna miti. Haya, turudi nyumbani. Ol Njorowa, korongo la Hell's Gate, hapa hapa katika kaunti yetu. Aprili 2012, kikundi cha vijana wa kanisa kilinaswa na maji mle ndani, 7 wakafa. Mtasema Aprili ni masika, walipaswa kutazamia. Sawa. Tarehe 1 Septemba 2019, watu 7 wengine, mmoja wao kiongozi mwenyeji wa pale. Septemba mosi ni masika au ni vuli? Si masika, si vuli. Shirika la Wanyamapori likalifunga korongo baada ya hapo. Kwa hiyo anayeniambia "tunaenda mwezi mkavu" namwomba anieleze ukavu wa mwezi unazuiaje wingu moja kumwaga alasiri moja kwenye miteremko inayoelekea korongoni. Na udongo wa upande ule mnaujua, majivu ya volkano, ukitembea kiangazi vumbi linakufika magotini. Mvua ya nguvu ikiupiga, maji yanashuka yamebeba udongo, vijiti, mawe, na chochote alichokiacha mchungaji.

Mai Mahiu, Aprili 2024, kalvati chini ya tuta la reli iliziba, maji yakajikusanya nyuma yake, tuta likapasuka usiku watu wamelala. Wale hawakuwa na nafasi ya kukagua chochote, na sitaki kusikia mtu akiwalaumu. Nawataja kwa sababu moja: maji yanaweza kusimama mahali saa nyingi, mvua ikaisha, mkasema imepita, kisha yakaja. Korongoni vilevile gogo na takataka huziba mahali pembamba, na bwawa hujaa nyuma yake. Mvua kukatika si ruhusa ya kuingia.

Sasa Zion, Utah, kwa sababu huko ndiko wengi wenu mnakwenda. Hifadhi ile kila siku hutoa makadirio ya hatari ya mafuriko ya ghafla kwa ngazi 4: hayatarajiwi, huenda, kuna uwezekano mkubwa, yanatarajiwa. Tarehe 14 Septemba 2015 ilikuwa ngazi ya tatu. Watu 7, watu wazima wa miaka 50 na kitu, si watoto wa shule, walichukua kibali asubuhi cha kushuka korongo la Keyhole kwa kamba. Waliambiwa hali ilivyo. Kule hifadhi haikukatazi katika ngazi hiyo. Inakueleza, kisha uamuzi ni wako na sahihi ni yako. Onyo rasmi la mafuriko lilitoka mchana, wakati wameshaondoka ofisini, na ndani ya makorongo yale simu haishiki mtandao. Hakuna aliyerudi.

Keyhole ni kafupi, na eneo linalokusanya maji yake ni dogo. Watu husikia dogo wakafurahi. Lakini ni mwamba mtupu. Hakuna udongo wa kunywa tone. Fikirieni paa la mabati lenye mtaro mmoja, na wewe umelala ndani ya mtaro. Siku hiyohiyo, tawi la kaskazini la Mto Virgin ndani ya hifadhi ile lilipanda kutoka mita za ujazo 1.6 kwa sekunde hadi zaidi ya 74, ndani ya dakika 15. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Piga hesabu mwenyewe tani 74 kila sekunde, halafu rudi uniambie utazisikia zikija ukapanda ukutani.

Maana hilo ndilo pingamizi ninalolipenda: "Tutasikia." Ndiyo, mara nyingine utasikia. Mngurumo, upepo wa ghafla unaosukumwa mbele, maji yaliyokuwa safi yanageuka rangi ya chai, majani na vijiti vinaelea. Ukiona hata kimoja, panda ulipo, sasa hivi, acha begi, usikimbie kufuata njia uliyojia. Lakini kuta zimelainika, nimeshasema kwa nini. Na maji hayahitaji kukufika kifuani. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo inaongezeka mara nne.

Pingamizi la pili: "Guide anajua." Nawaheshimu viongozi, wengine nimewafundisha na wapo humu, shikamooni kwa niaba ya wateja wenu wabishi. Lakini yule wa 2019 naye alikuwa mwenyeji, naye alikufa. Kiongozi anajua njia. Kama hakuna mtu huko juu anayempigia simu, mvua ya huko anaijua kama wewe unavyoijua. Muulize tu, kwa adabu: "Ndugu, nani anakuambia kukinyesha huko juu?" Akicheka, lipa nusu urudi mjini ule samaki.

La tatu hamlisemi, ila ndilo linaloua zaidi: tumeshalipa. Tumesafiri tangu alfajiri, tumelipa lango, basi linasubiri, bibi harusi ameshavaa. Desemba 2021 basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia Mto Enziu kule Mwingi, maji yamefunika daraja, watu wamesimama ng'ambo zote wanatazama. Walikufa zaidi ya 30. Ile si kesi ya korongo, najua, msiniandikie barua. Ni kesi ya watu wenye mahali pa kufika. Ndio maana nasema uamuzi wa kurudi ufanywe jioni ya kuamkia safari, mezani, mkiwa mmeshiba, na uandikwe. Mkiona wingu refu upande wa juu, mnarudi. Ofisi ikisema ngazi ya tatu, mnarudi. Mvua ikiwa ilinyesha huko juu usiku, mnarudi. Asiyekubaliana aseme siku hiyo, asilete mjadala mlangoni mwa korongo.

Mbele zaidi kuna jambo dogo ambalo hata asiyejua kusoma ramani anaweza kulifanya. Ukiingia, kabla hujafika pembamba, tazama kutani. Kwenye nyufa utaona nyasi kavu zimekwama, vijiti vimelala upande mmoja, mara utaona kandambili ya plastiki. Mwambie mrefu wenu anyooshe mkono. Kama hazifikii, basi maji ya mwisho yalipita juu ya mkono wake. Kule Utah kuna magogo mazima yamebanwa kati ya kuta, juu kabisa, mita nyingi juu ya njia, na watalii hupita chini yake wakiuliza nani aliyapandisha.

Ramani yenyewe: tafuta korongo lako, weka kidole, ufuate mistari ya vijito kupanda juu hadi inapoisha. Eneo lote hilo ndilo anga lako. Kabla hujaingia, hesabu pia mahali pa kutokea pembeni, na baina ya pa kwanza na pa pili ni dakika ngapi. Ingieni mapema, muwe mmetoka kabla ya adhuhuri. Wa Zion, njia ya Narrows, ile ya kutembea ndani ya Mto Virgin wenyewe, hufungwa mto ukipita mita za ujazo 4 na ushei kwa sekunde, kwa hiyo kipimo cha mto kiangalieni asubuhi, kinapatikana. Wa Page, chungeni saa: Arizona haibadilishi saa majira ya joto, nchi ya Wanavajo inabadilisha, Utah inabadilisha, na simu yako itarukaruka kati yao. Utabiri wa saa nane ni saa nane ya nani?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Baridi: jangwani, ndiyo, jangwani. Maji yaliyolala kwenye mashimo ambayo jua haliyafikii yanaweza kukutetemesha Julai, mtu akashindwa hata kufungua fundo la kamba, kwa hiyo suti ya mpira kwa korongo lenye maji. Mashimo yenyewe: maji yakiwa yamepungua, ukingo unakuwa juu yako na kuta zinateleza, unaogelea hadi unachoka. Mtu wa kwanza ashuke akiwa na wa pili anayeweza kumvuta. Mchanga unaomzamisha mtu hauui peke yake, unakuchelewesha. Nyoka, tazama unapoweka mkono.

Na mwachie mtu jina la korongo na saa ya kurudi. Aron Ralston, Aprili 2003, korongo la Bluejohn, Utah, jiwe lilimbana mkono, hakuwa amemwambia mtu yeyote anakwenda wapi. Siku ya sita alijikata mkono mwenyewe ndipo akatoka. Ujumbe wa simu wa mistari miwili ungewapeleka watu wa kumtafuta mahali sahihi.

Vifaa sikufika. Kamba na kofia muulizeni katibu, anavijua kuliko mimi. Ninyi wa Jumamosi, kabla hamjatawanyika nataka jina la mtu atakayepiga simu langoni Ijumaa jioni kuuliza kama korongo limefunguliwa, na jina la mwingine mwenye jamaa upande wa Longonot atakayemuuliza alfajiri kama kumenyesha. Wa nyama tunaye tayari. Maswali?