Mtu wa Kamba: Secretariat na Saisi Wake

(Mhadhara uliotolewa Njoro, Kaunti ya Nakuru, mbele ya vijana wanaotunza farasi na wageni wao)

Wazee wangu mlioketi mbele, nawasalimu kwanza. Vijana, najua mmeamka saa kumi usiku, mmeshazoa samadi na kulisha, na sasa mnaambiwa mkae kwenye kiti mnisikilize. Atakayesinzia simlaumu.

Nilipoombwa nizungumze juu ya farasi bingwa, mwenyeji wangu alidhani nitaanza na Beryl Markham. Ni haki yake kudhani hivyo. Yule mama alikulia hapa hapa Njoro, kwenye shamba la babake, Clutterbuck, na akiwa msichana bado akapata leseni ya kufundisha farasi wa mbio. Lakini habari zake mmezisikia hadi mmechoka. Mimi leo nataka kuwasimulia Secretariat, farasi wa mbio wa Marekani ambaye hakuwahi kukanyaga udongo wa Afrika, nami nilimjua kwa picha tu.

Baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi. Si mbali na hapa, ingawa shamba lenyewe sitalitaja, maana wenye kulitaja hawamalizi vizuri. Katika chumba cha matandiko alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti kuukuu kwa uji wa unga wa ngano. Picha ilikuwa na farasi mwekundu, mwekundu kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa, miguu mitatu ina soksi nyeupe. Juu yake joki Mzungu. Chini, mtu mweusi ameshika kamba. Maandishi yalitaja jina la farasi na jina la joki, basi. Siku moja baba akaweka kidole juu ya yule wa kamba, akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma: "Na huyu, anaitwa nani?" Sikuwa na jibu. Jibu nilikuja kulipata baba keshazeeka. Anaitwa Eddie Sweat.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Secretariat alizaliwa usiku wa kuamkia tarehe 30 Machi 1970, kwenye shamba la The Meadow, jimbo la Virginia, Marekani. Babake Bold Ruler, mamake Somethingroyal. Na alivyopatikana ni kichekesho. Familia ya Ogden Phipps, wenye Bold Ruler, haikuwa ikidai pesa kwa kupandisha. Mapatano yalikuwa watoto wagawanywe, na wa kuchagua kwanza aamuliwe kwa kurusha shilingi. Mwaka 1969 shilingi ikarushwa. Phipps akashinda, akachagua mtoto jike aliyekwisha kuzaliwa. Akaitwa The Bride, na hakushinda hata mbio moja. Bibi Penny Chenery, msimamizi wa The Meadow, aliyeshindwa, akaachiwa mimba iliyokuwa tumboni mwa Somethingroyal. Mimba hiyo ndiyo Secretariat.

Jina nalo lilitokana na karani wa shamba, Elizabeth Ham, baada ya majina mengine kukataliwa na wasajili. Kwetu sekretarieti ni pale chama kinapokaa kugawana vyeo. Kumbe kuna sekretarieti iliyokuwa na mbio.

Mbio zake za kwanza, tarehe 4 Julai 1972, uwanja wa Aqueduct, New York, aligongwa ubavuni geti lilipofunguka, akamaliza wa nne. Baada ya hapo akaanza kuwala wenzake, na mwaka huohuo akatajwa Farasi wa Mwaka akiwa na miaka miwili tu. Kisha Januari 1973 mzee Chenery, babake Penny, akafariki. Kodi ya mirathi ikabisha hodi. Ili ilipwe, farasi akagawanywa hisa 32, kila moja dola 190,000, jumla dola milioni 6.08. Hakuna farasi aliyekuwa ameuzwa bei hiyo kabla yake. Sharti: mwisho wa mwaka aache mbio, akawe dume la mbegu. Kwa hiyo yote mnayosikia juu yake yalitendeka ndani ya miezi kumi na sita.

Hapa nataka kusimama, kwa sababu ndipo penye kazi yenu.

Aprili 1973 alipelekwa kwenye Wood Memorial, mbio za kujipima kabla ya Kentucky Derby. Akaja wa tatu. Magazeti yakaandika kwamba kizazi cha Bold Ruler hakina pumzi ya safari ndefu. Kilichokuwapo ni jipu, ndani ya mdomo wa juu. Hebu fikirieni lijamu, kile chuma cha mdomoni, likivutwa juu ya jipu. Ungekimbia? Mimi nimeona farasi hapa Rift akichapwa wiki nzima kwa kuwa "mkaidi", hataki lijamu, anatupa kichwa. Baba alikuwa na utaratibu wake: kidole gumba pembeni mwa mdomo pale pasipo na meno, ulimi avute kando, atazame, anuse. Jino bovu lina harufu. Farasi akikataa lijamu, mfungueni mdomo kwanza, tabia yake mtaihukumu baadaye.

Jipu lilipopona, wiki mbili baada ya Wood, tarehe 5 Mei, uwanja wa Churchill Downs, Kentucky, ikaja Derby yenyewe. Alitoka nyuma kabisa ya kundi. Sasa sikilizeni hesabu hii, ni nzuri kuliko ushairi. Mbio ni maili moja na robo. Robo maili ya kwanza alitumia sekunde 25 na kitu. Ya pili 24. Ya tatu chini kidogo ya 24. Ya nne 23 na nukta nne. Ya mwisho 23. Yaani kila alivyozidi kwenda ndivyo alivyozidi kuongeza. Ninyi mnaowajua wakimbiaji wa Iten na Eldoret mwambieni jirani yako maana yake ni nini. Dakika 1, sekunde 59 na nukta nne. Rekodi hiyo bado iko palepale.

Preakness, mbio kubwa ya pili, wiki mbili baadaye, nayo akachukua. Saa ya uwanja ilikosea, na wakubwa walibishana hadi 2012 ndipo wakakubali kwamba alitumia dakika 1 na sekunde 53. Tuipite hiyo.

Belmont, tarehe 9 Juni 1973. Farasi watano tu, maili moja na nusu. Tangu farasi Citation mwaka 1948 hakuna aliyeshinda mbio hizi tatu, Derby, Preakness na Belmont, katika mwaka mmoja. Mpinzani wake, Sham, alikwenda naye bega kwa bega mwendo wa kichaa, na wajuzi wakashika vichwa: wote wawili watakufa njiani. Sham akafa, kwa maana ya mbio. Alimaliza wa mwisho. Secretariat akaendelea peke yake. Mtangazaji Chic Anderson akamfananisha na mashine. Joki, Ron Turcotte, hana wa kushindana naye, akageuza kichwa kutazama saa. Alishinda kwa urefu wa farasi 31, zaidi ya mita 70. Dakika 2 na sekunde 24.

Wengi wenu mlimwona Rudisha kule London 2012, akiongoza tangu mwanzo, mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Kwa mwendo aliokwenda Secretariat siku ile, mita 800 ni sekunde 48 hivi, tena amebeba kilo 57 mgongoni, tena anaziunganisha tatu mfululizo. Na kuna jambo ninalolipenda: tiketi 5,617 za kamari zilizomshindia hazikupelekwa dirishani. Wenyewe waliziweka nyumbani kama ukumbusho. Mnaobeti pale stendi ya Nakuru, niambieni nani kati yenu angefanya hivyo.

Alishindwa baadaye pia, mara mbili, na farasi wadogo wa jina, Onion na Prove Out. Alistaafu akiwa na ushindi 16 katika mbio 21.

Sasa yule wa kamba. Eddie Sweat alizaliwa 1939 Holly Hill, South Carolina, kwenye familia ya wakulima maskini. Ndiye aliyekuwa akimlisha Secretariat, akimsugua, akimfunga miguu vitambaa, akimsemesha muda wote. Anayedhani kumsemesha farasi ni ushamba hajawahi kuingia kwenye banda la farasi dume aliyeshtuka.

Nitawaonyesha alichokuwa akifanya baba, maana kazi ni ileile popote. Alfajiri, kabla ya taa, alichuchumaa ubavuni mwa farasi, akapitisha kiganja kutoka gotini hadi kifundoni, nyuma, kwenye mishipa. Polepole. Kisha mguu wa pili. Alikuwa akitafuta joto. Mguu mmoja ukiwa na moto kuliko mwenzake, hakuna kukimbia leo, hata tajiri aje na wageni kutoka Nairobi. Siku moja alisema hivyo, hakusikilizwa. Farasi alirudi akichechemea, na aliyekatwa mshahara ni baba.

Kule Kakamega, kwenye mapigano ya fahali, fahali akishinda pale Malinya au Khayega, ngoma za isukuti zinapigwa na mwenye fahali anabebwa juujuu. Kijana aliyekata nyasi usiku anaangalia kutoka kwenye ua. Hilo si la Wazungu peke yao.

Secretariat aliishi Claiborne, Kentucky, hadi tarehe 4 Oktoba 1989, alipodungwa sindano ya kumpumzisha kwa ajili ya laminitisi, ule uvimbe wa ndani ya kwato ambao farasi anashindwa kukanyaga. Daktari Thomas Swerczek aliyempasua alikadiria kuwa moyo wake ulikuwa na uzito wa kilo kama 10, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Haukuwa mgonjwa, ulikuwa mkubwa tu. Hakuuweka kwenye mizani, kwa hiyo msiniletee ubishi wa gramu. Sweat alifariki 1998, naye hakufa tajiri. Leo kuna sanamu yao kwenye bustani ya farasi kule Lexington: farasi, joki juu, na Sweat ameshika kamba.

Novemba 1973, Sweat ndiye aliyempeleka Claiborne. Alimfikisha, akamkabidhi kwa watu wengine, akageuka.

Na baba yangu, farasi wake alipouzwa, alipanda naye lori hadi Nairobi, akamshusha, akamwingiza kwenye banda jipya. Wenyeji wakamvisha hatamu yao. Ya zamani wakamrudishia baba mkononi. Alirudi nayo kwa matatu, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mwaka uliofuata mvua ikakosa, kamba zikawa ghali, mama akaishusha akafungia mbuzi. Baba aliiona. Hakusema kitu, alikwenda tu akalegeza fundo, kwa sababu lilikuwa limembana mbuzi shingo.