Kabla Hujafungua Dripu

Ndugu zangu wauguzi, asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja.

Ukimwambia ndugu wa mgonjwa kwamba mtu wake yuko kwenye shoku ya moyo, atauliza nani kamshtua. Hakushtuliwa na mtu. Moyo umeshindwa kusukuma, na damu haifiki kwenye ubongo wala figo inavyotakiwa. Mara nyingi chanzo ni mshipa unaolisha moyo kuziba. Lakini wako pia akina mama ambao moyo hutanuka mwishoni mwa ujauzito, au miezi michache baada ya kujifungua.

Usiku mmoja, nikiwa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, aliletwa mama aliyejifungua wiki tatu nyuma. Presha 80/65, miguu baridi. Tukasema kaishiwa maji, tukatundika dripu. Chupa ya kwanza, ya pili. Presha haikupanda. Akaanza kuhema, akakataa kulala chali, akakohoa povu la pinki. Yale yalikuwa maji yetu, yamejaa mapafuni. Sijamsahau.

Miguu baridi peke yake haitoshi. Hata aliyeharisha sana anayo. Mtazame shingo akiwa ameketi: aliyekaukiwa maji, mishipa imelala, huyu wa moyo, imesimama. Sikiliza mapafu kwa nyuma, chini kabisa, kama yana maji. Halafu mkojo, jamani, mkojo! Chini ya mililita 30 kwa saa ujue figo zinalia. Vitabu vinataja presha ya juu, ile namba ya kwanza, ikiwa chini ya 90 kwa nusu saa, ila wapo wenye 100 ambao viungo vyao vimeshaanza kunyimwa damu.

Mketishe, mpe oksijeni akihitaji, pima ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Dawa ya kupandisha presha, anza na noradrenalini. Utafiti wa 2010 ulionyesha wagonjwa wa shoku ya moyo waliopewa dopamini, dawa nyingine ya kupandisha presha, walifariki zaidi kuliko wa noradrenalini.

Kama mshipa umeziba, dawa zinakununulia muda tu. Utafiti wa Marekani na nchi nyingine uliotoka 1999 uliwafuatilia wagonjwa 302. Baada ya miezi sita, waliowahishwa kurudishiwa njia ya damu walifariki takriban 50 kati ya 100. Walioanzishiwa dawa, 63. Kwa hiyo simu ya rufaa ipigeni mgonjwa akiwa bado anaitika jina lake.