Mnaniuliza Kila Siku: "Dada, Hao Ndege Mnawafuga Halafu Mnawaachia?" Leo Najibu

Habari zenu ndugu zangu, mlioko nyumbani na mlioko huku kwenye baridi pamoja nasi. Leo sikupanga kuwasha kamera, nimetoka msituni nimelowa na jioni narudi tena. Lakini tangu niweke ile video ya vifaranga vya fezanti, ndege tunaowalea huku Devon, England, ili waachiwe msituni na baadaye wawindwe, kwenye komenti swali ni lile lile: "Dada, mnafuga ndege maelfu, wakikua mnafungua boma waondoke. Hiyo biashara gani?" Na nyuma yake linafuata la pili: "Nitafutie na mimi hiyo kazi." Nitajibu yote mawili. Najua nikisema nalipwa mtasema najisifu, nikisema nachoka mtasema nimepata riziki nailalamikia. Semeni, ila mnisikilize mpaka mwisho.

Kulea kifaranga siwaelezi. Hakuna mtu wa Singida anayehitaji kufundishwa bruda (pale pa joto pa kulelea vifaranga), maranda na maji safi. Nitasema tu pale fezanti anapotofautiana na kuku, ingawa ni jamii moja na kuku na kanga. Yai lake linakaa kwenye mashine siku 24 hivi, si 21. Bruda inaanzia kwenye nyuzi 35 hivi, kisha unashusha kidogo kidogo. Chakula chake cha kwanza kina protini karibu asilimia 28, hicho ni kizito kuliko stata ya kuku wa nyama. Na ana hofu, jamani! Mlango ukigonga kwa upepo, banda zima linakimbilia kona moja, wanalaliana, na wa chini hawaamki. Kwa hiyo pembe za banda tunaziziba ziwe duara, na ukiingia unaingia taratibu huku unaongea, wakujue sauti.

Halafu wanadonoana. Wakianza kuotesha manyoya wanang'oana mpaka damu, ndiyo maana mabanda mengi huwavalisha kipini kidogo cha plastiki mdomoni, asiweze kufunga mdomo sawasawa na kung'oa manyoya ya mwenzake. Kinatolewa kabla ya kupelekwa msituni. Mliniuliza ninaonaje. Sikipendi. Nimekivalisha, maana ndiyo kazi, na nimeona pia banda lisilovalishwa lilivyokuwa. Ila kwangu mimi dawa ya kwanza ni nafasi: wape eneo kubwa, wape matawi ya kurukia, wape majani ya kuchezea. Huo ni mtazamo wangu, mwingine mwenye uzoefu kuliko mimi atasema vingine.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Wakifika wiki sita au saba wanahamia msituni, Julai na Agosti. Msituni kuna boma: uzio wa nyaya unaonizidi kimo, chini umekunjwa nje ili mbweha asichimbe, na mbele yake zimepita nyaya za umeme. Juu hakuna kitu, ni wazi. Ndege amepunguzwa manyoya ya bawa moja, kwa hiyo siku za mwanzo haruki. Yakiota upya, anaruka usiku akalale mtini, asubuhi anashukia nje ya uzio. Akitaka kurudi ndani kuna vijia vidogo chini ya uzio vyenye mdomo wa nyaya, yeye anapita kwa miguu, mbweha hapiti. Kwa hiyo anayesema "mnafungua boma" hajakosea sana, ila boma lenyewe limejengwa liwe wazi tangu mwanzo. Ndege anafundishwa kuwa huru huku akijua chakula kiko wapi.

Na hapa sheria ya huku ndiyo inayowashangaza watu. Akiwa kwenye banda ni mfugo, ana mwenyewe. Akishaachiwa akaondoka, kisheria ni ndege wa porini, hana mwenyewe. Akivuka ua akaingia kwa jirani, huwezi kwenda kumdai. Bosi amelipa vifaranga, amelipa gesi, chakula, daktari wa mifugo na mimi, halafu mali yote hiyo ina mabawa na haimtambui. Kulea ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Kazi ninayolipwa hasa ni kumfanya ndege aliye huru aone hakuna sababu ya kuondoka.

Msimu wa kuwapiga risasi fezanti hapa England unaanza tarehe 1 Oktoba mpaka 1 Februari. Jumapili ni marufuku, na Krismasi pia. Lakini mashamba mengi hayaanzi siku ya kwanza, yanasubiri mwisho wa Oktoba au Novemba, ndege wakomae na miti ipukutishe majani. Hesabu mwenyewe: kuanzia Agosti mpaka Novemba unamshikilia ndege kwa akili tu.

Unamshikiliaje? Kwanza mluzi. Kila ninapomwaga chakula napiga mluzi ule ule, saa ile ile. Baada ya muda ukipiga mluzi tu unaona msitu mzima unatembea kuja kwako. Pili, simwagi ngano kwenye chombo peke yake. Naimwaga kwenye mabua makavu yaliyotandazwa kwenye njia ndefu msituni, ili atafute. Anayepekua kwa muda wa saa tatu hana nafasi ya kutanga. Tatu, mbwa. Alfajiri na jioni tunazunguka mpakani na mbwa, tunawasukuma warudi ndani polepole, bila kuwarusha. Ukiwarusha wanakwenda kule kule usikotaka. Hii hakuna Jumapili wala mvua, na ni mguu, kupanda na kushuka mabonde ya Devon haya mnayoyasifia kwenye picha. Kuna wakati mbegu za mialoni zinaanguka na matunda ya miiba yameiva kwenye kila ua wa shamba, ndege anakula bure popote, ngano yangu haioni. Wiki hizo ndizo zinazonikondesha.

Na kuna mahindi. Hili nimesitasita kulisema. Juu ya vilima wanapanda mistari ya mahindi, mtama na uwele, si kwa ajili ya kuvuna. Ni maficho ya ndege. Anatoka msituni asubuhi, anatembea mpaka kwenye mtama, anashinda humo anakula na kujificha. Siku ya mawindo waswagaji wanaingia nyuma ya shamba na vijiti na bendera, ndege anatimka kwenda nyumbani kwake msituni, na wapiga bunduki wamepangwa bondeni chini ya njia yake. Mtama unasimama mpaka Februari, mabua yanaoza, wanalima upya. Mimi nimekulia kwenye ugali wa mtama na uwele. Mwaka wa kwanza nilisimama pale nikashindwa hata kupiga picha. Mnaosema nimezoea Uzungu, hilo sijalizoea na sitaki kulizoea.

Pesa sasa. Mgeni anayekuja kuwinda huwa analipa pauni 40 na zaidi kwa kila ndege anayeangushwa, na kundi lao kwa siku moja laweza kuangusha mamia. Halafu ndege huyo huyo kama nyama, mnunuzi anaweza kukupa chini ya pauni moja. Kwa hiyo wanalipia siku, hawalipii nyama. Na mzione hesabu za upande wa pili: hata shamba zuri, wanaoangushwa ni kama theluthi moja ya walioachiwa, wakizidi sana wanne kati ya kumi. Waliobaki ni wa mbweha, magari, magonjwa na jirani. Bosi akiwa na uso mbaya Septemba namwelewa.

Mimi? Kima cha chini kilipanda kuwa pauni 12.21 kwa saa Aprili 2025, kwa aliyefikisha miaka 21, nami nilikuwa hapo na juu kidogo. Mnazidisha kwa shilingi mnaona utajiri. Zidisheni na matumizi basi. Niko hapa kwa viza ya mwenza. Ada ya afya inayodaiwa pamoja na viza, peke yake ni pauni 1,035 kwa mwaka, na hailipwi kila mwaka, unailipa mbele: miaka miwili na nusu ni pauni 2,587.50 kwa mkupuo, hapo hujagusa ada ya maombi yenyewe. Kadi za ukaazi wamezifuta, sasa kila kitu kiko mtandaoni, na bosi akitaka kuthibitisha una haki ya kufanya kazi unampa namba ya kumwezesha kukuangalia. Mtandao ukigoma siku hiyo, wewe ndiye unayeonekana una walakini.

Halafu leseni ya gari. Huku kijijini saa kumi na moja alfajiri hakuna basi. Leseni ya Tanzania unaitumia miezi 12 tu tangu uhamie, baada ya hapo unaanza upya kama mtoto wa shule: mtihani wa nadharia pauni 23, wa barabarani pauni 62, na foleni ya kupata tarehe ni ya miezi. Nimeendesha Singida hadi Dodoma miaka mingi, huku nikawa nasubiri lifti ya mwenzangu kwenda kulisha ndege. Liliniuma.

Na shamba nililoanzia, sitalitaja, walitaka niandikwe kuwa nimejiajiri, ili wasinilipe likizo wala siku za kuumwa, na kodi ya karavani, kile kinyumba cha magurudumu chenye ukungu nilicholala, wakaikata kwenye malipo kuliko sheria inavyoruhusu. Niliondoka. Kuna ndugu, tena wa damu, aliandika kwenye kundi la familia kwamba nimesomeshwa mpaka chuo kuja kufuga kuku wa Wazungu. Ndugu yangu, hao kuku wamelipa ada ya mwanao muhula uliopita. Nimemaliza.

Wapo wanaoniuliza kama sioni dhambi. Huku kwenyewe wanabishana: wapo wanaotaka uwindaji huu upigwe marufuku, wapo wanaotaka leseni kali, na tangu 2021 kuachia ndege karibu na maeneo fulani ya hifadhi kunahitaji kibali maalumu. Mafua ya ndege nayo yamekaza kila kitu. Mwaka 2022 yalipopiga magharibi mwa Ufaransa, kunakotoka mayai na vifaranga vingi, mashamba mengi yalikosa ndege wa kuachia. Sasa hata mwenye kuku mmoja uani lazima aandikishwe. Mimi naona ndege aliyeishi miezi msituni ameishi kuliko broila wa wiki sita. Lakini ndege aliyeangushwa asipoliwa, hapo sina utetezi. Wangu nawala, kwa nazi na pilipili, nyama yake haina mafuta kwa hiyo usiikaushe.

Haya, kazi. Sikilizeni vizuri, na hali ya kila mtu ni yake. Viza ya msimu ni ya kuchuma matunda na mboga, na ile ya ndege ni ya viwandani kwa ajili ya Krismasi, tarehe 2 Oktoba hadi 31 Desemba. Kulea fezanti haimo. Viza ya wenye ujuzi, tangu Julai 2025 mshahara wa kawaida unaodaiwa ni pauni 41,700 kwa mwaka, na kazi nyingi zisizo za ngazi ya shahada zimeondolewa. Hakuna banda la vifaranga linalolipa hivyo. Kama tayari uko Uingereza na una haki ya kufanya kazi, hiyo ni hadithi nyingine: wanaanza kutafuta watu Machi na Aprili, na ukionekana unawajua kuku watakusikiliza.

Lakini wewe uliyeniandikia kuwa kuna mtu amekuomba milioni nane akuunganishe na "shamba la ndege Uingereza", usimpe. Sheria ya huku, tangu 1973, inamkataza wakala kumtoza anayetafuta kazi pesa ya kumtafutia. Mwombe jina la shamba, na namba ya hati ya udhamini kutoka kwa mwajiri, uone kama atakupokelea simu tena. Na wote mnaonitumia picha za pasipoti na vyeti inboksi, nimezifuta. Msizitume tena, si kwangu wala kwa mtu mwingine yeyote msiyemjua.