Maili Kumi Kutoka Wapi?

Assalaam aleikum wazee wangu. Na nyinyi wengine, hamjambo? Sitawaweka sana.

Neno pwani limetokana na kupwa: ni pale maji yanapopwa. Sasa tazameni walivyofanya Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Walikubaliana kwamba milki ya Sultani wa Unguja huku barani ni ukanda unaoingia ndani maili kumi za bahari, kama kilomita 18 na nusu, kuanzia mto Minengani, kusini ya Ruvuma, hadi Kipini, na Kau imo. Zipimwe kutoka maji yanapofika yakijaa. Sisi tumeiita kwa kupwa, wao wakaipima kwa kujaa!

Mvuvi yeyote angewauliza: kujaa kwa bamvua, maji makubwa, au kwa maji mafu, yale madogo? Kwenye ufuo ulio wazi kama Diani, tofauti ni hatua chache tu. Lakini Mombasa ina mahori. Maji ya Tudor na ya Port Reitz huingia ndani mpaka kwenye mikoko ya Jomvu na Mwache. Ukianza kupima Nyali, kijiji cha Rabai, huko nyuma ya Mombasa, kiko karibu na ukingo wa ukanda. Ukianza Jomvu, Rabai imo ndani kabisa, na maili zinabaki. Na Rabai haikuwa kijiji cha hivi hivi. Wamisionari Krapf na Rebmann waliweka misheni yao hapo mwaka 1846, na baadaye watumwa waliotoroka mabwana zao huku pwani walikimbilia huko. Mtoro alihitaji kujua hasa amri ya Sultani inaishia kwenye mnazi gani.

Yaliyofuata mnayajua, nitayapitia mbio. Mwaka 1890 Wajerumani walichukua upande wao, kusini ya mto Umba, kwa malipo. Mwaka 1895 Waingereza walikodi upande wetu. Mwaka 1920 bara ikawa Koloni, ukanda ukabaki Himaya, yaani nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea Ngomeni, Fort Jesus. Wengine humu mliiona kwa macho yenu. Kisha tarehe 8 Oktoba 1963 ukatiwa saini London mkataba wa kuuingiza ukanda Kenya.

Namwona mzee pale nyuma, mkono uko juu tangu niitaje Rabai. Karibu mzee wangu, sema.