Mkojo wa Damu Si Kichocho Peke Yake

Assalaam alaykum, mama zangu, na nyinyi mabinti mliojibana kule nyuma.

Hapa Pemba mtoto akikojoa damu hatuulizi mara mbili: kichocho. Na aghlabu ndicho. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi imekitafiti kwa miaka mingi, na dawa yake, prazikwanteli, tunaijua sote. Mimi leo nina habari ya yule asiyepona. Kameza dawa, mayai ya kichocho hayaonekani tena kwenye darubini, lakini kijiti cha kupimia kikichovywa kwenye mkojo, kile kipande cha manjano kinatoka madoa ya kijani: damu ingalimo. Akiwa mwanamke huambiwa ni siku zake, akarudi nyumbani.

Upo ugonjwa wa figo wa kurithi unaoitwa Alport, jina la daktari aliyeandika habari za familia moja mwaka 1927. Chujio la figo limeshikwa na kolajeni ya aina ya nne, protini iliyo kama nyuzi zake. Jeni mojawapo ya kuitengeneza, COL4A5, imo kwenye kromosomu X, mmoja wa nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Mwanamume ana X moja; ikiwa na kasoro, hana ya akiba. Mwanamke anazo mbili, ndiyo vitabu vikamwita "mbebaji", kama kwamba yeye kazi yake kupokea kwa baba na kumpa mwana. Jina hilo silipendi hata chembe.

Mwaka 1961 Mary Lyon wa Uingereza alieleza kwamba kila seli ya jike huzima X moja, tangu tumboni, bila kuchagua. Basi chujio la mama huyu ni mkeka ulioshonwa kwa kili nzima na kili mbovu. Utadumu kwa kadiri ya mbovu zilizoingia. Ndugu wawili wa kike, kasoro ile ile: mmoja anazeeka na damu kidogo kwenye mkojo, mwengine anaishia kwenye mashine ya kusafisha damu.

Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2003, familia 195, ulikuta kabla ya miaka 40 figo zimekufa kwa wanaume 90 katika kila 100, na wanawake 12. Kumi na mbili nao ni watu! Kwa wanaume, aina ya kasoro hubashiri mengi: jeni iliyokatika huua figo mapema kuliko iliyobadilika herufi moja. Kwa wanawake kanuni hiyo haikushika. Dalili mbaya kwao zilikuwa protini kwenye mkojo na masikio kuwa mazito, maana ugonjwa huu hugusa na masikio.

Zipo na jeni mbili nyengine, COL4A3 na COL4A4, kwenye kromosomu ya 2. Hapo ndipo wanapoingia watoto wa ami waliooana. Wote wawili wakiwa na nakala mbovu ya babu yao mmoja, mtoto huweza kupata mbili, na hapo binti huumwa sawa na kijana. Sikuja kuvunja ndoa za watu, msinitazame hivyo. Semeni tu nani katika ukoo alikufa kwa figo, nani aliziwika angali kijana.

Dawa za presha kama ramipril hupunguza protini na kuchelewesha madhara. Lakini humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo anayetaka kubeba mimba amwambie daktari kabla.

Bibi pale mbele anauliza kama mama anaweza kumpa mwanawe figo. Kijana akiwa na Alport ya X, mara nyingi kairithi kwa mama huyo huyo. Kwa hiyo bibi, kabla hajatoa, naye apimwe: mkojo, presha, masikio, na jeni ikipatikana. Kwanza watafutwe ndugu wasio na kasoro.